Mpira ukiisha, kazi gani? Njia ambazo wachezaji wa zamani walifuata

Mchezaji wa mpira wa miguu anaacha kucheza akiwa na miaka 32 mpaka 36, na mara nyingi mbele ya hapo kama goti limeharibika. Kwa umri huo mwalimu ao muuguzi ndiyo kwanza anakomaa katika kazi yake. Mchezaji yeye anaanza upya, na nyumbani kuko bibi, watoto na jamaa wote wanaoamini kwamba kuko pesa aliyoficha fasi fulani.

Hapa kwetu mashariki jibu linaonekana barabarani. Mu Goma, Bukavu, Butembo, Kindu, Kalemie ao Lubumbashi, mashabiki wa zamani wanawatambua: huyu ni motari, yule anauza initi na kutoa pesa ya simu chini ya parasoli, mwingine anabadilisha dola na franga, mwingine amerudi kufundisha shule ya msingi. Kuko walioingia polisi ao jeshi, kuko waliofuata dhahabu kwenye machimbo, na kuko wachungaji wa kanisa. Hakuna haya katika kazi hizo. Lakini motari aliyenunua pikipiki yake mwenyewe wakati alikuwa bado anacheza, na motari anayepeleka pesa kwa mwenye chombo kila jioni, hawaishi maisha mamoja, hata kama walicheza ekipe moja na kufunga magoli sawasawa. Mmoja aliweka kitu pembeni wakati mashabiki walikuwa bado wanamubeba mabegani. Mwingine alingoja.

Jina kubwa halikumusaidia Ndaye

Mfano unaojulikana zaidi katika inchi yetu ni wa Ndaye Mulamba. Mwaka wa 1974, kwenye Kombe la Afrika kule Misri, alifunga magoli 9, na rekodi hiyo ya mashindano mamoja haijavunjwa. Fainali na Zambia iliisha 2-2, ikarudiliwa siku mbili nyuma, Zaire ikashinda 2-0. Magoli yote manne ya Zaire katika mechi hizo mbili yalikuwa yake.

Léopards wa wakati ule walipewa nyumba na gari na Rais Mobutu. Hiyo ilikuwa zawadi, haikuwa mkataba. Walipofika Ujerumani kwa Kombe la Dunia mwaka uleule, pesa za prime walizotazamia hazikuwafikia, na matokeo tunayajua: 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia, 3-0 na Brazil. Kuko jambo lingine ambalo vijana wa leo hawalifahamu: serikali haikuwaruhusu wachezaji hao waende kucheza Ulaya kama wachezaji wa kulipwa. Miaka yao mizuri ya mguu ikaishia nyumbani, bila soko. Kakoko Etepé alifika VfB Stuttgart, lakini ni mu 1981, wakati alikuwa amekwisha kupita miaka 30.

Ndaye aliendelea na V.Club mpaka mpira ukaisha. Kisha, mu 1994, CAF ilimualika Tunisia kwa kumupa heshima ya rekodi yake. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimuvamia wakifikiri amerudi na pesa. Walimupiga risasi mguuni, na mtoto wake mwanaume aliuawa. Akakimbilia Afrika Kusini. Mjini Cape Town, mtu aliyefunga magoli 9 alikuwa anachunga magari ya watu kwenye parking kwa kupata chakula. Mu 1998 uvumi ulienea kwamba amekufa kwenye mgodi kule Angola, na kwenye Kombe la Afrika la mwaka huo watu walisimama kimya dakika moja kwa kumukumbuka. Yeye alikuwa hai. Alikufa kweli tarehe 26 Januari 2019 kule Johannesburg.

Watu wanaisimulia hadithi hiyo kama ya bahati mbaya, na bahati mbaya ilikuwamo. Lakini tazama pia kitu ambacho hakikuwamo: hakukuwa mkataba unaolipa baada ya kucheza, wala pensheni, wala kazi ya pili. Kilichobaki ni jina, na ni hilo jina lililoleta wezi mlangoni.

Wanaobaki kiwanjani

Njia ya kwanza ambayo kila mchezaji anaifikiria ni kuwa kocha. Haijaanza leo. Léon Mokuna, aliyeenda Sporting ya Lisbon miaka ya 1950 na baadaye Gent kule Ubelgiji, alirudi kufundisha. Pierre Kalala wa Englebert, timu tunayoiita leo TP Mazembe, aliyefunga goli la pekee katika fainali ya 1968 na Ghana, yeye pia alipita njia hiyo. Karibu zaidi nasi kuko Pamphile Mihayo: alikuwa kiungo wa Mazembe, kisha akaiongoza kama kocha na kuipa Kombe la Shirikisho la CAF mwaka wa 2017. Claude Makélélé, mzaliwa wa Kinshasa aliyechezea Ufaransa, alianza kama musaidizi kule PSG alipoacha kucheza, mbele ya kuongoza Bastia na kisha Eupen.

Tatizo ni kwamba wengi wanafikiri kucheza vizuri kunatosha. Haitoshi tena. CAF ina ngazi za leseni: D, C, B, A na ile ya Pro. Kwa kukaa kwenye benchi kama kocha mkuu katika mashindano ya klabu za Afrika, leseni A inaombwa. Kila ngazi ina masomo, mazoezi na mtihani, na anayeanza akiwa na miaka 36 anapishana na kijana ambaye hakucheza sana lakini alianza masomo akiwa na 25. Kufundisha magolikipa ni mlango mwingine, na wachezaji wachache wanaufikiria.

Kazi ya wakala nayo iko na mlango wake. FIFA ilikuwa imeachilia leseni ya mawakala mu 2015, ikairudisha mu 2023 pamoja na mtihani: maswali 20 katika saa moja, na kupita lazima 75 kwa mia. Unaweza kuufanya kwa Kifaransa, kwa hiyo mchezaji wa kwetu aliyemaliza sekondari hana kisingizio cha lugha. Maswali yanahusu sheria za uhamisho, na hapo mtu aliyewahi kudanganywa katika uhamisho wake mwenyewe anaelewa haraka kuliko wengine.

Kuko pia ofisi za federasyo. Kalusha Bwalya wa Zambia, jirani zetu, Mchezaji Bora wa Afrika wa 1988, aliongoza federasyo ya inchi yake kuanzia 2008 mpaka 2016. Samuel Eto'o alichaguliwa kuongoza ya Kameruni mwezi wa Desemba 2021. Didier Drogba alijaribu kule Côte d'Ivoire mu 2022 na akashindwa, pamoja na umaarufu wake wote. Wanaopiga kura ni wajumbe wa ligi na vyama, si mashabiki.

Siasa

Robert Kidiaba hahitaji kuelezwa kwa msomaji wa Lubumbashi, na mahali pengine watu wanamukumbuka kwa namna alivyokuwa anarukaruka akiwa amekaa chini Mazembe inapofunga goli. Dunia nzima ilimuona hivyo Abu Dhabi mwezi wa Desemba 2010, siku Mazembe iliposhinda Internacional ya Brazil 2-0 na kuingia fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Baada ya kuacha Léopards mu 2015, alipata kazi ya kufundisha magolikipa wa Mazembe, kisha akagombea katika uchaguzi wa mwisho wa 2018 na kuchaguliwa mbunge wa jimbo. Alikuwa amekwisha kuwa na kazi mbele ya kuomba kura.

George Weah ndiye aliyefika juu kuliko wote, na safari yake inafaa kusomwa polepole. Alikuwa amepata Ballon d'Or ya 1995. Mu 2005 aligombea urais wa Liberia akashindwa na Ellen Johnson Sirleaf, na katika kampeni wapinzani walimupiga kwa neno moja: hakusoma. Wengine wangekasirika na kurudi Ulaya. Weah alirudi shuleni Marekani akiwa mtu mzima na watoto wake wakubwa, akapata diploma ya chuo kikuu. Mu 2014 akachaguliwa senata, mwisho wa 2017 akashinda urais, na akaongoza inchi kuanzia Januari 2018 mpaka Januari 2024, baada ya kushindwa na Joseph Boakai.

Biashara na ufundi

Hapa kosa la kawaida ni kufungua nganda. Mchezaji anapokea pesa ya mwisho, anafungua baa, anaweka jina lake juu ya mlango, na marafiki wa zamani wanakunywa kwa deni. Baada ya miezi michache viti vinauzwa. Alimantasio ndogo ao depo ya saruji haina muziki, lakini hakuna anayekuja kuomba mfuko wa saruji kwa ajili ya goli la zamani. Nyumba ya kupangisha inalipa polepole, ila inalipa, mradi karatasi za kiwanja ziwe kwa jina la mchezaji mwenyewe. Wengi walinunua kwa jina la kaka ao la mjomba, na kesi hazijaisha.

Mathieu Flamini wa Ufaransa hakungoja kuacha kucheza. Mu 2008, akiwa AC Milan, alianzisha na rafiki yake kampuni ya GF Biochemicals, inayotengeneza dawa ya viwandani kutoka mabaki ya mimea kwa kuchukua nafasi ya ile ya petroli. Alikuwa bado anacheza ligi kubwa miaka mingi baadaye. Na si kila mzungu aliyecheza alitajirika: Ray Wilson, beki wa Uingereza aliyeshinda Kombe la Dunia mu 1966, alimaliza maisha yake ya kazi akiendesha biashara ya mazishi. Wakati wake mishahara ya mpira haikuwa ile tunayosikia leo, na aliichukua kazi hiyo bila kelele.

Ngambo ya ziwa Tanganyika kuko Leodegar Tenga, kapiteni wa Tanzania kwenye Kombe la Afrika la 1980. Alikuwa amesoma uhandisi. Baadaye aliongoza federasyo ya Tanzania, na pia shirikisho la wenye viwanda vya inchi hiyo. Kiti hicho cha pili hakipewi mtu kwa sababu alikuwa beki mzuri.

Karatasi za kutafuta wakati mguu ungali mzima

Mchezaji wa ekipe yoyote, hata ya daraja la chini, ana haki ya kuomba mkataba ulioandikwa na kubaki na kopi yake nyumbani. Makubaliano ya mdomo na rais wa klabu yanaisha siku rais huyo anapoondoka. Klabu inayolipa mshahara ni mwajiri, na mwajiri anapaswa kumuandikisha mfanyakazi katika CNSS na kulipa michango yake kila mwezi. Asiyeandikishwa hana pensheni ya kudai. Kwa hiyo swali la kuuliza siku ya kusaini si prime ya mechi tu, ni pia nambari ya CNSS.

Diploma ya sekondari inafaa kumalizwa mbele ya kuhama mji kwa ajili ya mpira, sababu kurudi darasani na miaka 34 kunawezekana, Weah alifanya, lakini yeye alikuwa na pesa ya kulipa masomo. Kwa asiye na pesa hizo, msimu wa mapumziko unatosha kwa kuanza kitu: permi ya kuendesha gari, ufundi wa umeme ao wa simu, ao leseni D ya ukocha. Mazoezi mengi hapa kwetu ni ya asubuhi mapema ao ya jioni, na saa za katikati ni za mchezaji mwenyewe.