Peugeot Ikifia Uani
Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda Safari Rally kwa Peugeot 504. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa 504 Coupé V6. Huku Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya, 504 za kawaida zilikuwa zikibeba abiria na mizigo yao.

Moja ikipinduka, haikutupwa. Fundi wa jua kali aliipandisha juu ya mawe uani, akatoa betri na rejeta, kisha akaing'oa injini kwa mnyororo uliofungwa mtini. Kila spea ilikuwa na mnunuzi.

Ekseli ndiyo iliyodumu kuliko zote: ilitiwa mbao na magurudumu, ikawa mkokoteni wa kubebea mahindi. Springi zilifuliwa kuwa visu. Kazi hiyo ilistahili heshima kama ya kiwandani.