Wamama na uongozi Kalunguta: sheria iko, lakini mlango bado mwembamba

Kalunguta iko wilayani Beni, kwenye barabara ya Butembo kwenda Beni. Huku wamama ndio wanabeba sehemu kubwa ya kazi ya shamba na soko. Lakini pale mambo ya kijiji, ya wilaya na ya jimbo yanapoamuliwa, hesabu yao inapunguka sana.

Sheria inasema nini?

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kipengele cha 14, inapatia mwanamke haki ya kuwakilishwa sawasawa katika taasisi za inchi, za jimbo na za mashinani. Sheria namba 15/013 ya tarehe 1 Agosti 2015 inaeleza namna ya kutimiza usawa huo. Mwaka 2016, Kanuni ya Jamaa nayo ilirekebishwa. Mbele ya hapo, muke wa ndoa alihitaji ruhusa ya bwana yake ili afanye matendo mengi ya kisheria.

Kwa nini viti havifuati?

Sababu ya kwanza iko ndani ya sheria ya uchaguzi yenyewe. Inaomba kila liste iheshimu usawa, lakini liste isiyouheshimu haikataliwi. Tangu marekebisho ya mwaka 2022, liste yenye angalau nusu ya wanawake hailipi feza ya dhamana kwa CENI. Ni hatua nzuri. Lakini katika wilaya yenye viti vingi kama Beni, mchaguzi anachagua jina moja ndani ya liste. Basi chama kinaweza kuandika wamama ili kisilipe dhamana, kisha feza ya kampeni yote iende kwa wanaume.

Ya pili ni garama na usalama. Kampeni inaomba usafiri, mikutano na kurudi usiku. Kwa mama mwenye watoto, katika eneo lenye makundi yenye silaha, hiyo si jambo dogo.

Ya tatu ni uchaguzi wenyewe. Mnamo Desemba 2018, Beni na Butembo hazikupiga kura ya rais, kwa sababu ya Ebola na usalama mdogo. Zilichagua wabunge tarehe 31 Machi 2019. Tangu tarehe 6 Mei 2021, hali ya dharura iliweka maafisa wa jeshi na polisi kwenye uongozi wa Kivu ya Kaskazini, na kazi za bunge la jimbo zikasimamishwa. Mnamo Desemba 2023, madiwani wa tarafa walichaguliwa tu kwenye miji mikuu ya majimbo. Kwa hiyo ngazi iliyo karibu zaidi na mama wa Kalunguta haijapigiwa kura bado.

Wenye walifungua njia

Sophie Kanza alikuwa waziri wa kwanza mwanamke wa Kongo, mwaka 1966. Jeanine Mabunda aliongoza Bunge la Taifa kuanzia mwaka 2019. Judith Suminwa Tuluka aliteuliwa waziri mkuu tarehe 1 Aprili 2024, mwanamke wa kwanza kwenye kiti hicho. Huku mashariki, Julienne Lusenge, aliyekuwa mwandishi wa habari wa redio, alianzisha pamoja na wengine shirika la SOFEPADI linalotetea haki za wanawake.

Wapi kuanzia?

Uongozi hauanzie Kinshasa. Kuna komite ya afya (CODESA), komite ya wazazi shuleni (COPA), vyama vya wakulima na vikundi vya akiba vya AVEC. Mama mwenye amezoea kushika sanduku la AVEC mbele ya watu anajua kutoa hesabu, kusuluhisha ugomvi na kusema “hapana” bila kuogopa. Watu wanamufahamu, na kura zinatoka kwa watu wenye wanakufahamu.

Kwa uchaguzi ujao, kila mchaguzi, mwanaume ao mwanamke, anaweza kuuliza chama maswali mawili: wamama wangapi wako kwenye liste yenu? Na ni wangapi munawapatia feza ya kampeni?