Magome ya muwati na bawaba za geti langu

Fundi mmoja wa hapa Umoja aliloweka bawaba za geti langu kwenye asidi ya betri usiku kucha ili kutoa kutu. Asubuhi kutu ilikuwa imeisha, na nusu ya chuma pia.

Mimi ni mtu wa programu, ila nilikumbuka kwamba tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1932, huko Michigan, kampuni ya Dow ilimimina asidi ndani ya kisima cha mafuta ili ile mwamba wa chokaa. Mabomba yasiliwe nayo, wakachanganya aseniki. Sumu ile, jamani! Baadaye zikaja kemikali za kaboni, nyingi zikiwa na naitrojeni. Molekuli zake hujibandika juu ya chuma na kuziba pale ambapo asidi ingeuma, huku kutu ikiendelea kuyeyuka.

Sasa linaloniudhi: tanini ya magome ya muwati nayo hujibandika hivyo hivyo. Tangu enzi za ukoloni, Thika na Eldoret zilikuwa na viwanda vya kuikamua, tukawauzia watengeneza ngozi wa ng'ambo. Kwa mafundi wetu wa jua kali, asidi tupu.

Nimebakiwa na bawaba mbili. Jumamosi natafuta magome.