Njia ya Msitu wa Taveta

Ewe msomaji, ukipanda gari Voi asubuhi na kushika barabara iendayo magharibi, utawasili Taveta kabla ya adhuhuri. Utapita Mwatate na Maktau, utaikata nyika ya Tsavo, na huenda ukasinzia njiani, kwani ni mwendo wa kilomita 110 hivi, tena juu ya lami. Utakaposhuka utauona mji wa mpakani wenye shughuli nyingi na soko lililojaa ndizi, na Kilimanjaro umesimama nyuma yake. Si rahisi kukisia kwamba hapo uliposhuka palikuwa, katika karne ya 19, mahali palipotamaniwa na kila mpagazi aliyetoka pwani.

Nakuomba basi uliache gari, tufuate njia ile ile kwa miguu, kama ilivyokuwa mwaka 1870 au karibu yake. Umetoka Mombasa na msafara wa watu mia kadhaa. Kichwani umejitwika mzigo upatao frasila mbili, wa nguo za amerikani, shanga au nyaya za shaba. Nyuma yenu mmeiacha nyika ya Taru, ambako maji hupatikana katika ngurunga tu, yaani mashimo ya miamba yanayohifadhi maji ya mvua, nayo huenda yakawa yamekwisha kunywewa na ndovu. Baada ya milima ya Bura kuna ukame tena. Miiba inakuchoma, jua linakuwakia utosini, na kibuyu kimekauka tangu jana. Ndipo, mbele yako, chini ya mlima ule mkubwa, unauona mstari wa kijani kibichi. Hapana mpagazi aliyehitaji kuambiwa kuwa huo ndio msitu wa mto Lumi.

Lakini huwezi kuingia upendavyo. Njia inapofika msituni inakuwa nyembamba hata watu wawili hawawezi kupita sambamba, na mbele yake kuna lango la magogo mazito ambalo mwenye mzigo hulipita kwa kuinama. Bunduki hupigwa hewani ili wenyeji wajue kwamba umekuja msafara wa biashara wala si wa vita. Kisha mnangoja. Wazee wanakuja, mashauri yanasemwa, hongo inatolewa, na lango linafunguliwa.

Ndani, jua linazimika. Mikuyu mikubwa na miwale imefungamana juu kwa mitambaazi, na chini yake kila upande yasikika maji. Lumi huanza katika miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro na kushuka hata Ziwa Jipe. Tena ziko chemchemi, kama za Njoro Kubwa, zinazobubujika kutoka ardhini. Mpenda maporomoko itampasa avuke mpaka apande Marangu, ambako maji ya Kinukamori huanguka gengeni kwa kishindo. Huku Taveta maji ya mlima ule ule huja taratibu, na wenyeji waliyagawa kwa mifereji hata migombani mwao. Nyumba zilitawanyika katika viwanja vilivyofyekwa katikati ya miti, kila jamaa na shamba lake.

Kwa nini watu waishi gizani namna hiyo, na hali nje kuna uwanda mpana? Sababu ilikuwa mkuki. Wamasai walitawala uwanda, na vita vyao vilitaka nafasi ya kukimbia na kurusha. Kati ya mashina na mizizi hapana nafasi hiyo. Wataveta wenyewe walikuwa watu wa asili mbalimbali waliokusanyika hapo, wengine kutoka Upare, wengine kutoka Uchagani na Ukambani na kwingineko. Hawakuwa na mfalme. Mambo yao yaliamuliwa na wazee na marika. Waweza kuelewa, basi, jinsi walivyoutazama msitu: aliyeangusha mti ukingoni alikuwa akitoboa ukuta wa nyumba za wenzake wote.

Ndani ya ukuta huo biashara ilistawi. Misafara ya Mombasa na Pangani ilipumzika hapo majuma mengi kabla ya kuingia Umasaini kutafuta pembe za ndovu. Wapagazi walinunua ndizi, mahindi na samaki, na shanga zilitungwa upya kwa urefu na rangi walizozikubali Wamasai, maana mfanyabiashara aliyekosea urefu wa uzi alirudi na mali yake. Mwaka 1883 Joseph Thomson alikaa Taveta akiifanya kazi hiyo hiyo, na mwaka 1887 alifika Teleki wa Hungaria, akiongozwa na Jumbe Kimemeta wa Pangani. Kabla yao, mwaka 1871, Charles New alipita hapo akaenda kuigusa theluji ya Kilimanjaro. Majina ya wageni hao yamejaa vitabuni. Bali ya walinzi wa lango hatuyajui, ingawa pasipo ruhusa yao hapana mmoja wao ambaye angelala kivulini.

Mgeni mmoja alikuja na jambo jingine. Mwaka 1884 Harry Johnston aliandikiana mapatano na wazee wa Taveta. Mwaka uliofuata Karl Jühlke, kwa niaba ya Wajerumani, alipata mapatano yake kwa Mangi Rindi wa Moshi. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zikachora mpaka: kutoka mdomo wa mto Umba hata Ziwa Jipe, ukavuka Lumi, ukapita kati ya nchi ya Taveta na ya Wachaga, kisha ukauzunguka mlima. Huenda umesikia kwamba mstari huo ulipindwa kwa sababu Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Wilhelm mlima kama zawadi. Usiamini. Mpaka ulichorwa mwaka 1886, na Wilhelm alitawazwa mwaka 1888. Karatasi za Johnston na Jühlke zatosha kueleza kilichotokea.

Msitu uliokuwa umeuzuia mkuki haukuweza kuizuia karatasi. Mwezi Agosti 1914 Wajerumani waliuteka Taveta, wakaushika hata Machi 1916, baada ya mapigano makali ya Salaita, kisha ya Latema na Reata. Reli iliyojengwa kutoka Voi kwa ajili ya vita hiyo ilibaki, na baada yake yakaja mashamba makubwa ya katani. Ewart Grogan, mmoja wa wenye mashamba hayo, alijijengea jumba kilimani katika miaka ya 1930. Kwa kuwa Wamasai hawakushambulia tena, ukingo wa msitu haukuwa na mlinzi. Miti ilikatwa kwa kuni, kwa mbao na kwa kupanua migomba.

Leo njia ya kwenda Lumi hupita mashambani zaidi kuliko msituni. Hakuna lango wala magogo. Mita chache kabla ya mto utakuta mikuyu imesimama pamoja, yenye mashina mapana kiasi cha kumficha mtu, na hewa itabadilika ghafula. Simama hapo kidogo. Maji unayoyasikia yameshuka kutoka Tanzania, na watoto wanaoteka ukingoni wanajaza madumu ya manjano, wakiharakisha kurudi kabla jua halijawa kali.