Batobato ya Mihogo na Mseto wa Virusi katika Bonde la Rusizi

Katika bonde la mto Rusizi, mpakani mwa Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mihogo hulimwa pande zote za mpaka, na historia yake haitenganiki na ile ya batobato, ugonjwa unaoyakunja majani na kuyatia mabaka ya manjano, ambao mtaalamu wa mimea Otto Warburg aliueleza mwaka 1894 kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilizuka Uganda, na mwaka 1997 watafiti walieleza chanzo chake: virusi viwili vya jamii moja, vilipokutana ndani ya mmea mmoja, vilibadilishana vinasaba, yaani chembe zinazobeba urithi, kikazaliwa kirusi mseto. Kirusi hicho, kinachoenezwa na inzi weupe na pingili zilizoambukizwa, kilikuwa kimetambuliwa Rwanda kufikia mwaka 2001.

Kwa kuwa pingili huvuka mpaka pamoja na watu, kinga ya kuaminika ni kupanda mbegu safi za aina zinazostahimili ugonjwa.