Bogenvilia: Ua la ukutani lisilotaka maji mengi

BOGENVILIA ni miongoni mwa mimea inayopendwa sana katika bustani za mijini. Kuanzia Dar es Salaam hadi Mombasa na Nairobi, kuta na nyua nyingi zimefunikwa na rangi zake za zambarau, nyekundu, machungwa na nyeupe.

Hata hivyo, baadhi ya wanaoupanda hulalamika kuwa mmea wao hutoa majani mengi pasipo maua. Mara nyingi chanzo chake si ardhi mbaya, bali ni maji na mbolea kupita kiasi.

Asili ya mmea huu ni Amerika Kusini. Jina lake linatokana na Louis Antoine de Bougainville, nahodha wa Kifaransa aliyeizunguka dunia kati ya mwaka 1766 na 1769. Kile ambacho wengi hukiita ua ni majani matatu yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni dogo, jeupe au la manjano hafifu, nalo hukaa katikati yake.

Kupanda

Kata kipande cha tawi lililokomaa, chenye unene wa penseli na urefu wa sentimeta 15 hadi 20. Ondoa majani, kisha kichomeke katika udongo uliochanganywa na mchanga na kukiweka kivulini. Hakikisha udongo una unyevu muda wote hadi mizizi itokee.

Mizizi hiyo hukatika kwa urahisi. Wakati wa kuhamisha mche, chana mfuko na kuupanda pamoja na donge lake la udongo. Chagua mahali pasipotuama maji na panapopata jua kwa saa sita au zaidi kila siku. Mmea huu haujishikizi wenyewe ukutani, hivyo matawi yafungwe kwenye waya au fito.

Kutunza

Mche mchanga humwagiliwa mara kwa mara. Ukishakomaa, subiri udongo ukauke ndipo umwagilie tena, kwani kipindi cha ukavu ndicho huuchochea kuchanua. Ulio ndani ya chungu hukauka haraka zaidi, hivyo ukaguliwe kila siku wakati wa joto. Usizidishe samadi wala urea, kwa kuwa naitrojeni nyingi hukuza majani badala ya maua.

Maua hutokea kwenye matawi machanga. Kwa sababu hiyo, pogoa mara yanapopukutika ili machipukizi mapya yapate nafasi. Vaa glovu, maana miiba yake ni mikali, na usiupande kando ya mlango au mahali wanapochezea watoto.

Kwa familia inayonunua maji kwa madumu, bustani huonekana kuwa anasa. Bogenvilia iliyokwisha kushika mizizi ardhini haidai gharama hiyo: ndoo inayookolewa kwa kutoimwagilia kila siku ndiyo inayoiletea maua.