Simba wa Tsavo Hana Nywele

Nilikuwa darasa la tano nilipoiona The Ghost and the Darkness mara ya kwanza, kwa kibanda cha video pale Voi, siku niliyotumwa mafuta ya taa. Kiingilio kilikuwa bob tano. Chupa ya mafuta niliibana katikati ya miguu, nikakaa benchi la mbele kabisa, pale ambapo shingo inauma lakini hakuna kichwa cha mtu kinachokuziba. Nje ya mlango palibandikwa karatasi ya manila yenye maandishi mekundu: SIMBA WALA WATU. Hilo ndilo lilikuwa tangazo lote.

Movi ilikuwa imefika pale simba wanaingia hospitali ya kambi. Mara mlango ukafunguliwa, mwanga ukajaa ndani, watu wakapiga kelele ufungwe. Alikuwa babu. Amekuja kunitafuta, fimbo mkononi. Lakini kabla hajaniona mimi aliiona skrini, akasikia mtu akitaja Tsavo. Akauliza hao ni akina nani. Jamaa mmoja akamjibu, "Ni wale simba wa reli, mzee. Wa kitambo, wa wakati wa wazungu."

Babu alifanya kazi ya reli karibu miaka thelathini. Alikuwa mtu wa gengi, wale wa kukaza njia na kubadilisha mataruma, na sehemu yake ilikuwa hiyo hiyo, kutoka Voi kupitia Tsavo mpaka Mtito Andei. Hakunichapa. Alilipa bob tano zake, akasongewa benchi, akatazama kwa muda, halafu akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea juu ya kelele za gari la moshi:

"Hao simba ni wa wapi? Simba wa Tsavo hana nywele."

Kibanda kizima kilicheka. Mimi niliangalia chini, kwa chupa yangu.

Niseme mapema kwamba sijasomea filamu. Mimi ni mtu wa kuangalia tu, wa wikendi, wa kununua popcorn na kulalamika bei. Ukiniuliza kuhusu taa na kamera utaniacha hapo hapo. Lakini hii movi moja nimeirudia mara nyingi kuliko nyingine yoyote, na kila nikiirudia nasikia sauti ya mzee. Ndipo nikaanza kusoma ili nijue nani alikuwa sahihi, yeye au Hollywood.

Alikuwa sahihi yeye. Simba dume wengi wa Tsavo hawana manyoya ya shingoni, na wakiwa nayo ni machache, mambo ambayo hutajwa pamoja na joto la kule. Wale wawili wa 1898 hawakuwa nayo. Wale wa kwenye filamu wanayo, tena yamechanwa vizuri, kwa sababu hawakuwa wa Tsavo wala wa Kenya. Filamu yenyewe, iliyotoka 1996 chini ya mwongozaji Stephen Hopkins, ilipigwa Afrika Kusini katika hifadhi ya Songimvelo. Na simba wawili walioonekana zaidi, Caesar na Bongo, walitoka bustani ya wanyama huko Ontario, Kanada. Yaani hata kazi ya kuwa simba wa Tsavo ilipewa wageni.

Hilo la nywele mimi nawasamehe. Simba dume bila nywele kwa skrini anaonekana jike, na mwenye kuuza movi anataka simba anayeonekana simba. Out of Africa nayo ilifanya vivyo hivyo. Ilipigwa hapa hapa kwetu, ikatoka 1985, ikazoa Oscar saba, na bado simba wake waliletwa kutoka California kwa sababu walikuwa wamefunzwa. Nayo naipenda, msinipige mawe. Naipenda ile ndege ikipaa juu ya nchi, napenda muziki wa John Barry, na hata nimezoea kumwona Robert Redford akiwa Mwingereza anayeongea Kimarekani saa mbili na nusu bila mtu kumuuliza. Kwa mambo madogo kama hayo mimi si mkali.

Ninachoshindwa kusamehe ni Remington.

Wacha nieleze kwanza ilivyokuwa. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa 1896. Machi 1898 mhandisi John Henry Patterson alifika Tsavo kusimamia daraja la kuvuka mto. Kwa muda wa miezi tisa, simba wawili walikuwa wakiingia kambini usiku na kutoa watu kwa mahema. Wafanyakazi walizungusha boma za miiba, wakawasha mioto, wakapiga madebe usiku kucha. Simba wakapita. Wengine walilala juu ya miti na juu ya matangi ya maji. Mwisho wakachoka, wakasimamisha treni ya kurudi Mombasa, wakapanda, na kazi ikalala kwa wiki tatu hivi. Patterson alimuua simba wa kwanza tarehe 9 Desemba, wa pili tarehe 29. Daraja likaisha Februari iliyofuata, na kufikia 1901 reli ilikuwa imefika Kisumu.

Hapo hakuna Remington. Kwenye filamu ni mwindaji Mmarekani, ameigizwa na Michael Douglas, anakuja kumsaidia Patterson wa Val Kilmer. Ana huzuni za vita, ana nywele ndefu, ana maneno mazito ya usiku kando ya moto. Kisha anauawa na simba. Siku ile kibandani palitokea fujo, kwa sababu sisi sote tulijua sheria: staringi hakufangi. Mtu akapiga kelele kwamba kanda ni mbovu. Mwingine akasema huyo hakuwa staringi, staringi ni yule mwenye bunduki mpya. Mimi, sitaficha, nililia.

Nililia mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Ndiyo hesabu ambayo imenikaa rohoni tangu nilipoijua. Tsavo ilikuwa na wafu wa kutosha, wa kweli, wenye mama zao, lakini William Goldman na wenzake walipotaka tuhuzunike walibuni mzungu ili afe. Halafu angalia upande wa pili. Patterson kwa kitabu chake cha 1907 anamtaja mbeba bunduki wake, Mahina. Siku ya simba wa pili, Patterson aligeuka kuomba bunduki ya akiba akakuta Mahina yuko juu ya mti, na bunduki yuko nayo huko huko. Mimi nasema huyo ndiye mtu pekee mwenye akili katika hadithi nzima. Aliishi. Filamu imechukua jina lake, ikalipa mnyapara mwenye kifua, aliyeigizwa na Henry Cele, anayejigamba kwamba aliua simba kwa mikono mitupu, na simba wanamburuta kutoka hemani mapema kabisa. Aliyenusurika ameuawa, na asiyekuwepo amezikwa kwa heshima.

Sasa, walikufa wangapi? Patterson alihesabu Wahindi 28. Kuhusu Waafrika aliandika kwamba walikuwa makumi, ila hakuna rekodi rasmi iliyowekwa. Miaka mingi baadaye akataja jumla ya 135. Mwaka 2009 watafiti walichunguza mifupa na nywele za simba wale wale, wakapima kemikali inayobaki mwilini kutokana na chakula, wakakadiria watu 35 hivi: mmoja alikula kama 24, mwingine 11. Wangewezaje kupima? Kwa sababu simba wapo. Patterson aliweka ngozi zao nyumbani kama zulia kwa miaka karibu 25, kisha 1924 akaziuzia Field Museum ya Chicago kwa dola 5,000 pamoja na mafuvu. Wamesimamishwa huko kwa kioo hadi leo, wadogo kidogo kuliko walivyokuwa, maana zulia hukatwa kingo. Mwaka 2024 nywele zilizokwama kwa meno yao zilichunguzwa tena, wakapata twiga, pundamilia, nyumbu, na mtu.

Yaani ukitaka kujua nani alikufa Tsavo, rejista iliyobaki ni meno ya simba.

Nilikuwa nimesoma hayo yote, nikiwa chuo tayari, siku nilipomuuliza babu kwa nini alikasirika kiasi kile kwa movi. Akasema hakukasirika. Kisha akaniambia jambo ambalo hata baba yangu hakuwa analijua. Baba mkubwa wake yeye, yaani kaka mkubwa wa baba yake, alishuka kutoka milimani Taita akiwa kijana kwenda kubeba kuni na maji kwa kambi ya reli. Hakurudi. Nyumbani walingoja. Wengine walisema simba. Wengine walisema ndui, au homa. Kulikuwa na shangazi mmoja aliyeshikilia mpaka kufa kwake kwamba alifuata reli tu, akaoa huko mbele, na ana watoto Kisumu wasiojua lugha. Hakuna kaburi. Hakuna karatasi. Jina lake ndilo nililopewa mimi.

Sisemi aliliwa. Sina njia ya kujua, na naogopa kumgeuza kuwa hadithi nzuri kwa sababu tu nina mahali pa kuichapisha. Lakini kuna siku nilienda Jumba la Makumbusho ya Reli hapa Nairobi, nikasimama mbele ya behewa ambalo Charles Ryall alitolewa na simba pale Kima, Juni 1900. Ryall alikuwa afisa wa polisi wa reli. Alikuwa amekaa macho kumvizia simba, akapitiwa na usingizi. Kifo kibaya, pole yake. Behewa lake limehifadhiwa, unaweza kuona dirisha, unaweza kupiga selfi. Nilizunguka ile behewa mara mbili. Kwa nyuma palikuwa na vijana wa shule wakila viazi, mwalimu wao akiwaharakisha.

Kitu kimoja filamu ilinipa, na sitakikana. Ilinipa John Kani. Yeye ndiye Samuel, mkalimani na msimamizi wa kambi, na ndiye anayefungua movi kwa sauti yake akituhakikishia kwamba yale yasiyoaminika ndiyo ya kweli. Hollywood ilimweka Mwafrika mmoja mlangoni ili aapie kiapo, kisha ikamleta Remington kupitia mlango huo huo. Sikumjua Kani wakati ule. Sikujua kwamba 1975, akiwa na Winston Ntshona, alishinda tuzo ya Tony jijini New York kwa michezo waliyoitunga pamoja na Athol Fugard. Mtu wa kiwango hicho, miaka 21 baadaye, ndiye anayemshikia Val Kilmer taa.

Halafu 2018 niko IMAX hapa mjini, watu wamevaa vitenge utadhani ni ruracio, Black Panther inaanza, na mfalme wa zamani anatokea. Nikamshika rafiki yangu mkono nikasema, "Huyo ni Samuel!" Akaniambia ninyamaze. Ni yeye, T'Chaka. Alikuwa ameigiza mfalme huyo tangu 2016 katika Captain America: Civil War, na hapo ndipo isiXhosa kilipoingia, kwa sababu yeye na Chadwick Boseman wasingeweza kuwa baba na mwana Waafrika wakisalimiana kwa Kiingereza tu. Wazo lilikuwa lake. Kwa hivyo lugha ya Wakanda ni lugha ya nyumbani kwa Samuel. Wiki hiyo Kisumu nao walikuwa na onyesho lao la kwanza la filamu hiyo, kwa sababu ya Lupita, mwisho wa reli ile ile. Nilifikiria watoto wa baba mkubwa, kama wapo.

Mwaka uliofuata Kani akawa sauti ya Rafiki kwenye The Lion King mpya. Ile ya kwanza, ya 1994, nimewahi kuiangalia na babu pia. Alifurahia Pumbaa, akacheka jina, akasema ni kweli ngiri amepumbaa. Lakini fisi alipoitwa Shenzi alinyamaza. Kabla ya reli alifanya kazi shamba la mkonge, na hilo ndilo jina msimamizi alilomwita kila asubuhi, badala ya lake. Watoto wenzangu waliendelea kucheka. Sikujua niwe upande gani, nikacheka nusu.

Turudi kwa kibanda, kuna kitu nimekiruka. Movi ilipoisha majina yakaanza kupanda kwa skrini, meupe juu ya giza, mengi, yakifuatana. Kwa kawaida mwenye kibanda alikuwa anayakata hapo hapo aweke Jackie Chan. Siku hiyo alikuwa nje akigombana na mtu kuhusu chenji, kwa hivyo majina yakaendelea. Watu walishasimama. Babu alibaki amekaa, mikono juu ya fimbo, akitazama. Kiingereza chake kilikuwa kile cha kazi: nati, reli, simama, endelea.

Akaniuliza polepole, "Hayo ndiyo majina ya waliokufa?"

Nikamwambia hapana, babu, ni ya watu wa kamera.

Akaangalia kidogo tena. Kisha akachukua chupa ya mafuta kutoka miguuni pangu, akaitikisa kuona kama imejaa, tukaenda nyumbani.